Mwalimu Aliyetoweka Redio Ilipopona

Katika chumba cha chini kabisa cha hoteli, pale ambapo mabomba ya maji moto yalipita juu ya vichwa vya watu yakinguruma kama tumbo la mwenye njaa, alifanya kazi mpiga pasi mmoja ambaye wenzake walimwita Mvuke. Ukiingia humo asubuhi ulikuwa humwoni. Uliona wingu, na ndani ya wingu mkono unaokwenda na kurudi juu ya shuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, aliyevuka ujana bila kuolewa na bila kuhisi kwamba kuna kitu kimempita. Aliishi kwa dada yake mkubwa, katika chumba cha uani, na dada yake alikuwa na mume anayejua kila kitu.

Siku moja mgeni fulani aliondoka akasahau chumbani redio ndogo ya kaseti, zile za kubeba mkononi na kusikiliza kwa hedifoni, pamoja na boksi la kaseti za kujifunzia Kifaransa. Jalada la boksi lilikuwa limenyofoka. Vitu vikakaa stoo ya hoteli, mwenyewe hakurudi, na mwishowe mtunza stoo akamkabidhi Mvuke kwa maneno mafupi: "Chukua, vinanijazia rafu."

Mvuke akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe, akashika pasi. Kwanza ukaja muziki wa kinanda, wa polepole na wa majonzi kiasi kwamba aliamini Wafaransa wamefiwa. Kisha akasikia sauti ya mwanamume. Ilikuwa nzito na ya taratibu, kama ya mtu anayeteremka ngazi akiwa amebeba kabati.

"Karibu... mwanafunzi... wangu," ilisema ile sauti kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. "Leo... tutajifunza... kuomba... taulo."

Mvuke akaiacha pasi juu ya foronya mpaka foronya ikaungua. Maishani mwake hakuwahi kuzungumzishwa na mtu asiye na haraka. Nyumbani shemeji yake alimkatiza kabla hajafungua kinywa, na kazini msimamizi alitoa amri huku keshatoka mlangoni. Huyu bwana alisema neno moja, akangoja, akasema la pili. Mvuke alirudia nyuma yake, neno kwa neno, kwa uzito uleule na kwa mwendo uleule. Alimwita Mwalimu. Baada ya miezi kadhaa aliweza kuomba taulo, kulalamikia godoro na kuulizia chumba chenye dirisha, yote kwa sauti inayotokea kwenye nyayo.

Faida ya elimu ilionekana mapema kuliko alivyotarajia. Mgeni mmoja mnene, aliyepotelewa na shati, alishuka mpaka chini akiwa na soksi bila viatu, anafoka kwa Kifaransa, anapiga ukuta kwa mkono. Wafuaji wote wakajificha nyuma ya mashine. Mvuke alitoa sikio moja kwenye hedifoni, akamtazama, akamwambia kwa Kifaransa hichohicho:

"Bwana... tafadhali... keti. Shati lako... litapatikana."

Yule bwana alishusha mkono. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya rundo la taulo. Mvuke akaendelea kumweleza, polepole, habari za chumba chenye dirisha, maana ndizo sentensi alizokuwa nazo. Meneja wa hoteli aliposhuka mbio kuja kuomba radhi, alimkuta mgeni amelala usingizi mzito, kinywa wazi, na shati lake limekwisha pigwa pasi, limetandikwa juu ya tumbo lake.

Meneja alikuwa mtu wa wasiwasi, mwenye kutembea na kitambaa cha kufutia jasho hata penye kiyoyozi. Hakuuliza mambo yanawezekanaje. Aliagiza kiti cha kukunja kiwekwe kando ya meza ya pasi, na tangu hapo wageni wenye hasira wakawa wanateremshwa kwa Mvuke kwa lifti ya mizigo. Walishuka wakiwaka, wakapanda wamepoa. Wengine waliomba kushuka tena bila kuwa na lalamiko lolote.

Nyumbani habari zilifika zikiwa zimepinda. Dada mtu alimsikia akisema mara kwa mara, "Mwalimu anasema hivi, Mwalimu hataki haraka," akamnong'oneza mumewe. Shemeji akaweka kijiko chini.

"Shemeji, tumesikia kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Huyo mwalimu. Ana kazi?"

"Anafundisha."

"Anafundisha wapi?"

Mvuke akafikiri. "Sikioni," akajibu.

"Unaona!" Shemeji akamgeukia mkewe. "Ameshaanza kumficha. Mwambie aje hapa ajitambulishe kama wanaume wengine. Hii si nyumba ya kupigiwa miluzi dirishani."

Mvuke hakubisha. Kusema kweli lile wazo lilimfurahisha kidogo.

Basi ikafika siku ya Mwalimu kunyamaza. Ilikuwa asubuhi ya kazi nyingi, somo ni la kuulizia njia, na Mwalimu alikuwa anaelekeza namna ya kufika kituo cha treni. Sauti yake ikaanza kuzama. Ikazidi kuwa nzito, ikazidi kurefuka, kama mtu anayemezwa na tope huku anaendelea kuwa na adabu.

"Nenda... moja kwa moja... halafu... pinda... kuuu..."

Akakatika. Kulia au kushoto, haikujulikana. Mvuke alifungua kifuniko akakuta utepe umetoka ndani ya kaseti, umejiviringisha kwenye kigurudumu cha mpira kama uzi kwenye kidole cha mshonaji. Aliunasua taratibu kwa ncha ya kibanio cha nywele, akaurudisha kwa kuzungusha kalamu kwenye tundu la kaseti, akabadilisha betri, akabonyeza tena. Redio ikatafuna utepe kwa mara ya pili, palepale, kabla ya kulia au kushoto.

Shemeji alipoiona redio mezani alikunja mikono ya shati. Aliigusa, akafumba macho, akatoa uamuzi kwamba ni joto la pasi. Akaiweka kwenye friji kati ya maziwa na nyanya. Ilipotoka ilikuwa baridi na bubu. Akasema kumbe ni uchafu wa hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, na kwa kuwa hakuwa na spiriti akapaka manukato ya mkewe kwa pamba. Redio ikanukia vizuri mno. Haikusema kitu.

"Mgonjwa wenu hajambo?" dada mtu akauliza kutoka jikoni.

Ndipo Mvuke akaenda kwa Fundi Miwani. Kibanda chake kilikuwa baina ya mchonga funguo na mtoa fotokopi, na jina alilipata kwa sababu alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na alipotaka kuona karibu sana aliongeza lenzi ya kamera iliyovunjika. Alikuwa na kiburi kidogo, lakini kiburi chenye mpangilio. Hakufungua kitu kabla ya kukisikiliza.

"Inafanyaje?" akauliza.

"Inakula utepe. Na Mwalimu amenyamaza katikati ya njia."

Fundi hakuuliza mwalimu yupi. Aliweka redio sikioni bila kaseti, akabonyeza. "Mota inazunguka. Kwa hiyo betri si tatizo, na waya si tatizo." Akachungulia hedi. Akanusa. "Hedi safi. Tena imekwenda harusini." Akazungusha kigurudumu cha mpira kwa kidole, kikazunguka bila kukwama. Kisha akatia kaseti mbovu aliyoiweka kwa majaribio, akaangalia kile kijino kinachovuta utepe. Kilikuwa kinazunguka kwa uvivu, kikisimama, kikijivuta tena. "Ahaa. Huku utepe unasukumwa, huku haupokelewi. Lazima ulundikane. Sasa tujue nani hafikishi nguvu."

Alifungua mgongo wa redio kwa bisibisi nyembamba, akainua kwa kibanio mkanda mdogo wa mpira unaounganisha mota na gurudumu la shaba. Ulikuwa umelegea kama soksi ya mzee. Akauonyesha kwa ushindi.

"Huu hapa. Na si wa leo wala jana. Hii redio umekuwa nayo inatembea kwa magoti."

Akautupa kwenye ndoo ya taka, akafuta mafuta yaliyoganda, akavisha mkanda mpya, akafunga. "Imepona," akasema, akavua miwani moja, jambo alilofanya kwa heshima tu.

Mvuke akavaa hedifoni palepale. Kinanda kikaruka kwa furaha, kama watu wanacheza juu ya meza. Macho yakamtoka. Kisha akavua hedifoni haraka kama aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu.

"Fundi, humu kuna mwanamke."

"Enhe."

"Umeniingizia mwanamke."

"Dada yangu, mimi nimeingiza mkanda wa mpira."

"Basi alikuwepo bwana. Mtu mzima, mpole. Huyu mwanamke anaongea kama anakimbizwa. Bwana yuko wapi?"

Fundi akachukua hedifoni, akasikiliza, akaelewa. Akamweleza vizuri, bila kumcheka: mkanda ukilegea, utepe unakwenda pole, utepe ukienda pole, sauti inakuwa nzito, maneno yanarefuka. Mwalimu alikuwa mwanamke tangu mwanzo. Huyo bwana hakuwahi kuwepo.

"Hakuwepo? Muda wote huu nimeongea na nani?"

Fundi akakuna kidevu. "Na mkanda," akasema.

Mvuke alirudi kazini akiwa amenyong'onyea. Lakini alikuwa mtu wa kutii masomo, na akakata kauli kwamba kama Mwalimu ni huyu, basi yeye amekuwa akisema vibaya. Akaanza upya. Akainua sauti mpaka puani, akaharakisha ulimi, akajifunza kucheka kile kicheko kifupi ambacho mwanamke yule alicheka baada ya kila sentensi, na ambacho zamani kilisikika kama mzee anayesafisha koo.

Matokeo yalikuwa mabaya. Bibi mmoja aliyekosa maji ya moto aliteremshwa, Mvuke akamjibu kama cherehani, akamalizia na kicheko. Bibi akaona anachezewa shere, akamrushia taulo yenye maji. Aliyefuata alipanda juu na hasira zaidi ya alizoshuka nazo, akapasua chombo cha maua mapokezi. Wa tatu alidai kuonana na balozi. Meneja akashuka mwenyewe, kitambaa shingoni.

"Dada, umepatwa na nini?"

"Redio imepona, bosi."

"Imepona vipi?"

Mvuke akamsimulia yote. Meneja alisikiliza, akajifuta uso, akatazama dari, mabomba yakanguruma.

"Basi iugue tena," akasema. "Twende kwa huyo fundi."

Wakaenda. Meneja, kwa suti na viatu vya kung'aa, aliinama ndani ya kibanda akaomba redio irudishiwe ubovu wake. Fundi Miwani akasimama wima kama aliyetukanwa mbele ya wakwe.

"Mheshimiwa, mimi natengeneza. Sijawahi kuharibu kitu cha mtu kwa makusudi."

"Nakuomba kama ndugu. Nina wageni wanakuja, kundi zima, na ndege yao imechelewa. Unajua watafika na hali gani?"

"Hata hivyo."

Mtoa fotokopi, ambaye alikuwa amesogea kusikiliza, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Labda hawezi."

Fundi akamgeukia polepole. Akavaa miwani zote mbili.

Ndoo ya taka ilikuwa imeshamwagwa, kwa hiyo mkanda wa zamani haukuwepo. Ikabidi ubovu utengenezwe upya. Kwanza Fundi alitia betri zilizokaribia kufa. Kwa kuwa wote walitaka kusikia, aliunganisha spika ndogo. Sauti ilitoka ya mwanamume, lakini iliyumba na kuteleza.

"Ndiye huyu?" meneja akauliza kwa matumaini.

"Siye. Huyu amelewa," Mvuke akasema.

Fundi akavisha mpira wa kufungia karatasi, aliopewa na mtoa fotokopi. Akatoka mtu anayetetemeka, kama anafundisha Kifaransa akiwa juu ya punda. Mvuke akatikisa kichwa. Fundi akapaka gundi kidogo kwenye kigurudumu, akatoka mtu aliyezama majini na bado anaomba taulo. Akajaribu mkanda wa mashine kubwa, ukakaza mno, na mwanamke akapaa akawa kama kuku aliyekanyagwa, akamaliza somo zima la mkahawani kabla meneja hajapangusa paji la uso. Wateja wa funguo walikusanyika mlangoni. Kila sauti ilipotoka, umati ulimgeukia Mvuke kama polisi wanaomsubiri shahidi amtambue mwizi.

"Siye."

"Yule wa juu ya punda lakini alikuwa na heshima," mchonga funguo akasema.

"Alikuwa mwoga," mtoa fotokopi akapinga, na pakazuka mabishano baina ya wanaompendelea mlevi na wanaompendelea wa punda, mpaka mwanamke mmoja aliyekuja kuchonga ufunguo wa kabati akasema kwamba yeye angemchukua yule wa majini.

Fundi alikuwa amelowa jasho. Akarudisha mkanda mpya, akakaa, akashika tama. "Ubovu ule ulikuwa wa miaka," akakiri. "Uliiva wenyewe. Mimi siwezi kuutoa kwa mchana mmoja."

Mvuke akaivuta redio mbele yake. Mgongo wake ulikuwa bado wazi, gurudumu la shaba linazunguka, na yule mwanamke anapiga maneno yake mbiombio. Akanyoosha kidole gumba, kidole kilichozoea kupima joto la pasi bila kuungua, akaligusa gurudumu. Akalibana kidogo. Mwanamke akatulia. Akabana zaidi, mwanamke akazeeka, akawa kama kijana anayebalehe, kisha sauti ikashuka ngazi ya mwisho, na kabati likatua sakafuni.

"Mwanafunzi... wangu," akasema Mwalimu.

Meneja akavuta kiti akakaa bila kuambiwa. Mabega yake, ambayo siku zote yalikuwa karibu na masikio, yakateremka.

Mvuke hakulia, ingawa kila mtu alimtazamia alie. Alilegeza kidole: mwanamke. Akabana: Mwalimu. Akalegeza, akabana, akalegeza, na hapo ndipo kicheko kilipomshika, kikamkamata mbavuni hata akajiegemeza kwenye meza ya Fundi. Kicheko kifupi cha yule mwanamke na mzee anayesafisha koo vilikuwa kitu kimoja. Mtu ni yuleyule, mwenye subira ileile, anafurahia mwanafunzi aliyepatia. Haraka hakuwa nayo hata alipokuwa na haraka.

"Sasa utafanyaje?" Fundi akauliza. "Huwezi kushika pasi na kubana gurudumu."

"Nipelekee mbele kidogo, kwenye somo la njia."

Fundi akasogeza utepe, Mvuke akabana. "Nenda... moja kwa moja," akasema Mwalimu, "halafu... pinda... kushoto."

"Kushoto," Mvuke akawaambia watu, na mtoa fotokopi akashusha pumzi akasema afadhali.

Kisha akaondoa kidole, akamwomba Fundi afunge. Meneja akaruka kutoka kitini. Alimkumbusha kundi la wageni. Alimkumbusha ndege.

"Usihangaike, bosi," Mvuke akasema, kwa ile sauti ya zamani, inayotokea kwenye nyayo. "Redio... iache... ipone. Hii sauti... nimeshaichukua. Ni yangu."

Na kweli ilikuwa yake. Kundi lilipofika, watu wamevimba macho na mizigo haijulikani iko wapi, alisimama juu ya ngazi za mapokezi na aproni yake, akawakaribisha neno moja baada ya jingine, na kabla hajafika kwenye sentensi ya chumba chenye dirisha walikuwa wamekaa juu ya zulia kama watoto wanaosubiri uji. Siku hiyohiyo meneja akamhamishia juu moja kwa moja.

Nyumbani, shemeji alimsubiri mezani. "Haya, huyo mwalimu anakuja lini kujitambulisha?"

"Shemeji, kumbe ni mwanamke."

Shemeji akatafuna, akameza, akalitafakari jambo hilo kwa upana wake. Hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya mkewe.

"Basi aje na mumewe," akasema.

Mvuke alifanya kazi mapokezi kwa miaka mingi. Hoteli ilipoajiri wasichana wapya, meneja aliamuru wafundishwe Kifaransa naye, na yeye akawafundisha kama alivyofundishwa: neno, kungoja, neno. Wakatoka wasichana wembamba, wenye nyuso za ujana, ambao ukiwaomba ufunguo kwa Kifaransa walikujibu kwa sauti ya mzee aliyebeba kabati. Wageni waliamini ndiyo lafudhi ya nchi. Waliishika, maana anayekaa mahali hujaribu kusema kama wenyeji. Ukipita ukumbini wakati wa chai ungewasikia, mawakili na wafanyabiashara na mabibi wenye mikufu, wameegemea viti, wanapitishiana sukari:

"Bwana... tafadhali... kijiko."

Bwana mmoja aliyekaa mwezi mzima aliondoka akiwa hawezi tena kusema kwa namna nyingine. Siku chache kabla hajaondoka, mkewe alipompigia simu hotelini kutoka kwao, alikata akiamini amekosea namba. Akapiga tena, akasikiliza zaidi, na safari hii hakukata. Mtu wa swichibodi, anayeunganisha simu za hoteli, anasema walizungumza mpaka chai ikapoa, na kwamba upande wa pili, mwisho mwisho, yule bibi naye alikuwa ameanza kujibu polepole.